Neno Moja la Bi. Misi

Mahfudha aliizoea sauti ya Famau kabla ya kulijua jina lake, na jina alilijua muda mrefu kabla ya kuona zaidi ya kivuli. Ndivyo yalivyokuwa mambo katika nyumba za mawe za mji wa Amu zama zile, miaka michache kabla ya Vita vya Wajerumani. Mwanamume wa nje hakulivuka pazia, na mwanamke wa ndani hakulifunua.

Kilichomleta kijana huyo ni maradhi ya macho ya Bi. Ummu, mamake Mahfudha. Macho yalikuwa yamevimba, yakitoka tongo usiku na kuwasha mchana, na dawa zote za mtaani zilikuwa zimejaribiwa zikashindwa. Ndipo jirani mmoja akamleta muuguzi wa Kizungu aliyekodi nyumba karibu na gati, mama wa makamo, mrefu, mwenye uso uliobabuka kwa jua. Siku ya kwanza mama huyo alijigusa kifuani akasema anaitwa Misi Garland. Bi. Ummu akalikamata neno la kwanza, la pili likampita.

"Karibu, Bi. Misi," akasema, na kuanzia hapo mtaa mzima wa Mkomani ukamjua kwa jina hilo.

Kiswahili cha Bi. Misi kiliishia kwenye salamu. Ofisi ya serikali ikamwazima mkalimani wake, kijana wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi, aliyejifunza Kiingereza katika meli ya kupima kina cha bahari. Huyo ndiye Famau. Kwa kuwa hakuweza kuingia ndani, alikaa dakani, kwenye baraza ya mawe ya mlangoni, na pazia zito la bafta likashushwa kati yake na wanawake. Bi. Misi alisema kwa Kizungu, maneno yakapita pazia, yakarudi kwa Kiswahili. Kabla ya kufasiri, Famau alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo, kikohozi cha adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Mahfudha alikuwa akikaa ubavuni mwa mamake, ameshika bakuli la maji ya chumvi. Alikuwa ameshapita miaka ishirini. Aliolewa angali kigoli na mtu aliyechaguliwa na ami yake. Mume akasafiri kwenda Unguja kwa biashara, akanogewa huko, na siku moja badala yake ikaja talaka. Mahfudha hakumlilia. Alichokililia ni kwamba hakuwa na cha kulilia.

Basi mama alitiwa dawa machoni, na binti akasikiliza.

Siku moja Bi. Misi alichelewa. Alipofika viatu vyake vilijaa mchanga naye akihema. Akasema maneno kwa haraka, na nje ya pazia kikasikika kile kikohozi.

"Asema mumuwie radhi," Famau akafasiri. "Alikwenda Shela kumtazama mgonjwa, akaikosa mashua ya kurudi, ikambidi atembee kwa miguu ufuoni."

Mahfudha akainua kichwa. Katikati ya maneno yale ya Kizungu alikuwa amelisikia jina la yule mama, "misi". Akadhani masikio yamemdanganya, akanyamaza.

Ziara iliyofuata alikuwa akidarizi kofia, sindano ikiingia na kutoka, huku Famau akieleza namna ya kufunga kitambaa usiku. Bi. Misi akainama juu ya ile kofia, akaonyesha kwa kidole, akasema neno, na neno lenyewe likawa lile lile.

"Bi. Misi asema umeruka tundu moja," ikasema sauti ya nje.

Mahfudha akatazama. Kweli ameruka. Hajapata kuruka tundu tangu alipofunzwa na nyanya yake. Lakini hajapata pia kushona huku masikio yakiwa kwingine. Uso ukamwaka moto, akashukuru kwamba bafta haipitishi macho.

Kisha ikaja asubuhi ya asumini. Bi. Ummu alikuwa amepata nafuu, na kwa furaha akampa yule muuguzi kikuba, kishada cha asumini alichokifunga mwenyewe. Bi. Misi akakinusa, machozi yakamtoka bila sauti. Akasema maneno machache.

Safari hii kikohozi kilichelewa.

"Asema alipokuwa mdogo wao walikuwa na ua linalonukia hivi dirishani. Ana dada yake, yuko mbali sana. Ana hamu naye."

"Mwulize," Mahfudha akasema.

Mamake akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza binti huyo kumsemesha yule mtu wa nje.

"Mwulize misi ni neno gani. Ndilo jina lake. Na siku ile lilikuwa mashua, kisha likawa tundu la kofia, na leo ni matozi."

Kisha Famau akacheka, kicheko cha chini kisicho na dharau.

"Bi. Mahfudha," akasema, "neno hilo hata mimi lilinitesa nilipokuwa mwanafunzi wao. Ngoja nimwulize mwenyewe."

Amelijua jina langu, Mahfudha akawaza. Amelijua lini?

Bi. Misi aliposikia swali akafuta macho akachangamka. Babake alikuwa mwalimu wa shule, na mezani kwao, badala ya hadithi, watoto walipewa maneno wayachambue. Akaanza kueleza, akisimama kila baada ya sentensi ili Famau ampokee.

"Asema ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja," Famau akasema. "Lile la jina lake lilikuwa refu zamani. Lilikuwa mistresi, yaani bibi mwenye nyumba, mwenye funguo, anayetoa amri. Wao walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kwa Warumi, na huko kwa Warumi maana yake ilikuwa mkubwa, mwalimu. Waingereza wakalikata kwa uvivu wa ulimi. Lilipokatwa, heshima nayo ikapungua. Likabaki kuwa la mwanamke asiye na mume."

"Na la pili?"

"La pili ni lao wenyewe, la kale sana. Asema ni la kukosea. Umelenga hapa, mshale ukaenda pale. Kutoka kukosa shabaha likawa kukosa chochote, mashua, tundu, mtu uliyemfuata usimkute. Kisha..." Famau akasita. "Kisha likawa kuhisi kwamba hayupo. Mtu yuko mbali, nawe kila ugeukapo waona mahali pake patupu."

"Maskini Wazungu," akasema Bi. Ummu. "Meli tele, maneno haba. Neno moya walitumikisha kazi zote hizo."

"Hata sisi, mama," Mahfudha akasema, lakini alimsemea mtu wa nje. "Mtu hukosa ndia, hukosa adabu, hukosa mwana. Ila moyo ukimtaka mtu, hatusemi tumemkosa. Twasema tuna hamu naye."

"Wengine husema," Famau akajibu. "Mamangu alipofiwa na babangu, alikaa uani akasema, nimemkosa. Alisema hilo tu, siku nyingi. Hakuna aliyemwuliza amemkosea nini."

Sindano ilikuwa imetulia mkononi mwa Mahfudha.

Bi. Misi, ambaye hakuelewa kitu, akauliza swali lingine huku akitabasamu. Famau hakulifasiri mara moja.

"Auliza Bi. Mahfudha aitwe kwa neno lipi," akasema hatimaye. "Wao wana la aliyeolewa na la asiyeolewa. Ataka kujua asikosee."

Bi. Ummu akaangalia mikono yake. "Mwambie aliolewa, akaatwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kama wana neno la hilo, na alitumie."

Nje, Famau akasema kitu kwa Kizungu, kifupi. Bi. Misi akamtazama Mahfudha kwa namna mpya, akainamisha kichwa kwake kama mtu amsalimuye mkubwa.

"Umemwambiaje?" Mahfudha akauliza. Alikuwa akijiandaa kuumia.

"Nimemwambia uitwe kwa lile neno refu la zamani," ikajibu sauti. "Kabla halijakatwa."

Bi. Ummu akakohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha maradhi.

Tangu siku hiyo wiki ya Mahfudha iligawanyika, siku za Bi. Misi na siku nyingine zote. Siku nyingine zote alipika, alifagia, alidarizi, aliswali, na kila hodi iliyopigwa mtaani ilimkata pumzi kisha ikawa ya muuza samaki au ya jirani anayetaka kaa la moto. Zikifika siku za Bi. Misi, aliusafisha mchanga wa dakani kwa mkono wake mwenyewe na kutandika busati pale kwenye baraza ya mawe, akimwambia mamake kwamba mgeni ni mgeni. Alianza kuyadaka maneno ya Kizungu. Maji. Macho. Kesho. Aliyahifadhi kwa sauti ya Famau, si kwa sauti ya mwenyewe aliyeyasema.

Wao wenyewe hawakusemezana mengi. Neno hapa, neno pale, Bi. Ummu akiwa kati. Mahfudha alimwuliza bahari ya huko alikokwenda na meli ina rangi gani, Famau akajibu kwamba kule mbali haina rangi, ina uzito tu. Alimwuliza Kizungu kinasema vipi "samahani," Famau akamwambia, naye Mahfudha akalirudia usiku kucha kitandani bila kuwa na mtu wa kumwomba radhi. Zamani alikuwa na mume, yeye akawa hana hamu naye, na sasa ana hamu na mtu asiye mumewe. Akajiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililo gumu zaidi, na kila alipojibu aliona amekosea.

Macho ya Bi. Ummu yakapona. Hilo ndilo walilokuwa wakiliomba kwa Mungu, na lilipokuja, Mahfudha alisujudu akashukuru, kisha akabaki pale chini kwenye msala muda mrefu. Mgonjwa akipona, muuguzi huondoka. Muuguzi akiondoka, mkalimani ana haja gani ya kukaa mlangoni?

Bi. Misi alipokuja kuaga, alikuwapo mtu wa pili dakani. Alikuwa Bwana Kamaludin, nduguye marehemu babake Mahfudha, mzee mkali, mnyoofu, mwenye ndevu zilizotiwa hina. Yeye ndiye aliyekuwa walii wa Mahfudha tangu babake afariki, na asingeozwa na mtu mwingine ila yeye. Alikaa kwenye baraza upande wa pili, fimbo yake magotini, akamkabili Famau.

Ndani, Bi. Misi alimshika Bi. Ummu mikono yote miwili, akashukuru na kushukuriwa. Kisha akamgeukia Mahfudha. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema sentensi moja fupi, na ndani yake Mahfudha alisikia maneno mawili aliyoyajua vyema, jina lake mwenyewe na lile neno.

Kikohozi.

"Asema atakuwa na hamu nawe, Bi. Mahfudha," Famau akafasiri.

Angeliishia hapo, siku ingelipita kama siku. Lakini baada ya kituo kifupi sauti ikaendelea, chini kidogo, na polepole.

"Asema huko aendako atasikia watu wakizungumza nyuma ya milango, na atasimama asikilize, na haitakuwa sauti yako. Asema alikuya hapa kwa ajili ya macho ya mtu, akaondoka na hamu ya uso asioujua. Asema angelijua tangu mwanzo kwamba mwisho wake ni huu, angelikuya vilevile."

Mahfudha akaziba mdomo kwa mkono. Aliliona hata lile "alikuya". Mtu wa Kizingitini alikuwa ameanza kusema kama wao.

Dakani fimbo ikagonga jiwe.

"Simama hapo," akasema Bwana Kamaludin. "Kizungu sikijui, bwana, lakini masikio ninayo. Mama huyu kasema maneno yasiyojaa kiganja. Wewe umesema utenzi mzima. Yepi ni yake, na yepi ni yako?"

Bi. Misi akawatazama wanawake kwa mshangao, akauliza kitu, hakuna aliyemfasiria.

"Ya hamu ni yake, Bwana Kamaludin," Famau akasema. "Yaliyofuata ni yangu. Nimekosa adabu kuyasema mlangoni pako, na kwa hilo naomba radhi. Lakini si uwongo, na uwongo siuombei radhi kwa sababu sikuusema."

"Umepata kumwona mwanangu?"

"Wallahi sijapata."

"Basi wataka nini?"

"Nataka kumwoa, kwa ruhusa yako na kwa ridhaa yake."

Ami Kamaludin hakupaza sauti. Alikuwa mmoja wa watu ambao hasira huwapunguza sauti.

"Sikiza, kijana. Sikutukani. Babako alikuwa mvuvi, na uvuvi ni kazi ya halali. Lakini ndoa ni kufu, mtu na mwenzake wa hadhi moja, na wewe si kufu yetu. Watu wa nyumba hii wanajulikana tangu mji huu haujapata ukuta. Wako wanajulikana na nani? Na yambo hili halina nafasi hata ya kulizungumza. Mahfudha namwoza mwanangu Jaafar. Ijumaa baada ya sala mashahidi watakuya kumwuliza."

Ilikuwa mara ya kwanza Mahfudha kulisikia. Jaafar, binamu yake, mwenye mke tayari mtaa wa pili, mtu mwema asiyekuwa na la kumwambia tangu utotoni isipokuwa salamu. Akamtazama mamake. Bi. Ummu, kwa yale macho yake yaliyopona, akatazama kando. Yeye alikuwa analijua.

"Na Bi. Mahfudha mwenyewe anajua?" Famau akauliza.

"Hilo si lako."

Kisha sauti ya viatu juu ya jiwe, na Famau akasema, "Assalamu alaikum, Bi. Ummu. Assalamu alaikum, Bi. Mahfudha." Mama akaitikia. Binti alifungua kinywa na kinywa hakikutoa kitu. Salamu hiyo ilibaki bila jibu lake, na ndilo lililomliza usiku, zaidi ya Jaafar, zaidi ya yote.

Ijumaa wakaja. Sheikh wa msikiti wa mtaa na mashahidi wawili wakakaa dakani pamoja na Bwana Kamaludin. Sheikh akauliza kama ilivyo desturi, kwa upole, kupitia pazia.

"Mahfudha mwanangu, ami yako ataka kukuoza kwa Jaafar bin Kamaludin. Wajua kwamba wewe si mwari. Mwari akinyamaza ndiyo ridhaa yake. Wewe sheria yakutaka utamke. Wasemaje?"

Bi. Ummu alikuwa ameushika mkono wa bintiye. Haikujulikana kama anamtia nguvu au anamzuia, na huenda hata yeye hakujua.

"Sheikh," Mahfudha akasema, "mara ya kwanza niliulizwa pia. Nilikuwa mdogo, nikanyamaza kwa sababu niliogopa, na mkasema kunyamaza kwangu ni kukubali. Nikaenda. Nilikaa katika nyumba ya mtu miaka, nikingoja mtu ambaye, arudi asirudi, kwangu ilikuwa sawa. Nilirudi hapa na hakuna aliyenikosa huko, wala mimi sikumkosa mtu." Akaubana mkono wa mamake. "Jaafar ni ndugu yangu na namheshimu. Sikubali. Nasema kwa ulimi wangu, ili asije mtu akasema nilinyamaza. Sikubali."

Sheikh akarudia mara tatu, naye akajibu mara tatu. Mashahidi wakanyanyuka. Wakiondoka, Bwana Kamaludin akabaki amesimama mbele ya pazia, kivuli chake kirefu.

"Na yule mtu wa Kizingitini simwozi," akasema. "Maadamu mimi ni walii wako, simwozi. Na mtu huposa kwa wazee wake, hatumi posa kwa kinywa cha Mzungu."

"Nimesikia, ami," akajibu Mahfudha.

Ami yake hakukanyaga nyumba hiyo tena siku nyingi. Yeye aliyekuwa akija kila baada ya alasiri kuulizia hali, akituma unga, akituma samaki, hakuonekana. Bi. Ummu akawa halii wala hasemi. Na Mahfudha akajifunza jinsi nyumba inavyoweza kujaa mtu asiyekuwamo. Pazia lilipotikiswa na upepo aligeuka. Akipika wali alisimama na mwiko mkononi, akisikiliza. Usiku aliyarudia maneno yale ya dakani, akianzia penye "asema," akizitoa hizo "asema" moja moja, hadi yakabaki maneno ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Wakati mwingine aliogopa kwamba sauti yenyewe imeanza kumtoka masikioni. Wakati mwingine aliogopa kwamba haitamtoka kamwe.

Asubuhi moja, akichambua mchele uani, akasikia kikohozi.

Mamake alisikia pia. Wakatazamana. Bi. Ummu akainuka, akaenda hadi penye pazia.

"Nani?"

"Famau, Bi. Ummu. Nimekuja kuaga. Bwana Shauri wa ofisi ya serikali anakwenda Kismayu nami naenda naye. Tutarudi baada ya Maulidi, inshallah."

Bi. Ummu akafikiri. Kisha akavuta kigoda, akakiweka penye mwanga, akakaa juu yake.

"Dawa mulonitia imenipa mato," akasema. "Basi nitakaa hapa niyatumie. Mahfudha, ndoo uketi. Mtu huyu alitupa salamu, wewe hukumwitikia."

Mahfudha akaja akaketi chini, upande wake wa pazia. Kupitia kitambaa aliona kivuli cha bega.

"Waalaikum salamu," akasema. Ilikuwa salamu ya siku ile.

Famau akavuta pumzi, na pumzi hiyo ikasikika. "Nilisikia ulivyosema Ijumaa," akasema. "Mji mzima umesikia. Sikuja kukushukuru, kwa kuwa najua hukulisema kwa ajili yangu."

"Sikulisema kwa ajili yako. Ningelisema hata kama hujazaliwa." Akakunja pindo la leso. "Ila ningelisema kwa sauti ndogo zaidi."

Bi. Ummu akatazama dari.

"Wazee wangu nimewaendea," Famau akasema. "Ami zangu wawili, Fadhil na Bwanamkuu, na mjomba wa babangu, Mzee Amini, ambaye hajatoka Kizingitini miaka kumi na amesema kwa hili atatoka. Watakuja baada ya Maulidi, nami nikiwa nimerudi. Wapokewe, wasipokewe, watakuja kwa mlango."

"Ami atawakataa."

"Watakuja tena."

"Atawakataa tena."

"Basi Mzee Amini atauzoea mji wa Amu."

Mahfudha akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati yake, akakizuia kwa ukingo wa leso. Wakakaa hivyo. Mtaani alipita mtu na punda, kwato zikigonga mawe, wakangoja apite.

"Nipe kitu chako," Famau akasema. "Chochote. Uzi wa kofia. Nikae nacho huko."

Alikuwa na uzi pale pale, katika pindo la leso. Vidole vyake viliushika.

"La," akasema.

"La?"

"Nikikupa kitu utakitazama hicho, na ukikitazama sana utatosheka nacho. Sitaki utosheke. Nenda mikono mitupu."

Kivuli cha bega hakikujongea.

"Wanitaka nikukose," Famau akasema.

"Nataka unikose kwa maana zote ulizonambia," Mahfudha akasema, "isipokuwa ile ya kutonipata."

Famau akakohoa, lakini hakukuwa na cha kufasiri. Akaaga, mama na binti wakaitikia pamoja, na viatu vikateremka ngazi ya daka, vikaelekea gatini. Mahfudha alivisikiliza hadi vikachanganyika na viatu vya watu wengine, kisha akaendelea kusikiliza.

Adhuhuri ikapita, alasiri ikaadhiniwa. Baada ya sala ikasikika fimbo juu ya mawe, na hodi ambayo nyumba hiyo ilikuwa haijaisikia tangu Ijumaa ile. Bi. Ummu akakimbilia shela lake la kujifunika. Bwana Kamaludin akakaa dakani, mahali pake pa siku zote, akanywa kahawa ya kwanza. Kwa kikombe cha pili akasema:

"Jaafar asema hataki mke asiyemtaka. Na mkewe amefurahi kupita kiasi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi. Ummu kwa hadhari.

"Nilikuwa gatini. Yule kijana alikuwa akipanda mashua. Akanisalimu, sikuitika. Akashuka mashuani, na wenzake wakimngoja na Bwana Shauri akipiga kelele, akanisalimu tena." Akazungusha kikombe. "Nikaitika. Kuitika salamu ni wajibu."

Bwana Kamaludin akaweka kikombe chini, akaipanga fimbo yake magotini, akaiondoa, akaiegemeza ukutani.

"Wazee wake ni kina nani huko Kizingitini?" akauliza.

Bi. Ummu akafungua kinywa kujibu.

"Sikukuuliza wewe, Ummu," mzee akasema. "Namwuliza mwenye ulimi."

Mahfudha akasogea karibu na pazia. Mashua ya Famau ilikuwa imeshakipita kisiwa cha Manda saa hiyo, naye hakujua lolote, wala hangejua hadi Maulidi yapite. Miezi yote hiyo furaha hii angeibeba Mahfudha peke yake.

"Kuna Fadhil, ami," akasema. "Na Bwanamkuu. Na Mzee Amini, ambaye ni mjomba wa babake."

Ami Kamaludin hakusema ndiyo, wala hakusema la. Nje ya pazia alisikika akiyarudia majina yale kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama mtu anayejifunza.